Uchungu wa Kiazi ni Ngao Yake

Ndugu mkulima, tuanze na swali la jikoni. Majani ya kunde tunayapika. Majani ya malenge tunayaponda katika mukimo. Hata mnavu, ambao wengi wetu huuita managu, huchumwa ungali mchanga ukaliwa. Lakini je, umewahi kumwona mama yeyote wa Meru au wa Embu akichuma majani ya viazi vya kizungu, hivi tunavyoviita waru, akayatia chunguni? Bila shaka hujamwona. Jani la kiazi ni chungu, na kila mtu ajua ya kuwa halifai kuliwa.

Uchungu huo haukuja bure. Ni dawa ambayo mmea wenyewe huitengeneza ili kujilinda na wadudu wanaotafuna majani. Dawa hiyo hukusaidia kila siku pasipo kukutoza hata senti moja. Lakini dawa hiyo hiyo yaweza kumdhuru mtoto wako mezani, ikiwa viazi vimepigwa na jua vikageuka kuwa vya kijani. Kwa hiyo yafaa kila mkulima wa skimu za makazi, kuanzia Timau na Kibirichia mpaka sehemu za juu za Embu zinazopakana na msitu wa Mlima Kenya, aijue dawa hii: inafanya kazi gani, inashindwa wapi, na yeye mwenyewe afanye nini ili imfae isimdhuru.

DAWA ILIYOMO KATIKA JANI

Mmea hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kufukuza wadudu. Silaha yake ni yale yaliyomo ndani ya mwili wake. Wakulima wa Meru waliolima pareto wanalijua jambo hili vizuri. Ua la pareto lina dawa ya kuua wadudu, wala hakuna mtu aliyeitia humo. Tumbaku ina nikotini yake. Kahawa, ambayo wengi wenu mnayo katika mashamba ya chini, ina kafeini yake. Kila mmoja una namna yake ya kujikinga.

Kiazi asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru na Bolivia, ambako watu walianza kukilima miaka elfu kadhaa iliyopita. Ni cha ukoo mmoja na nyanya, biringanya, pilipili, tumbaku na mnavu. Ukoo huu wote ni hodari wa kutengeneza uchungu. Katika kiazi uchungu huo hutoka hasa kwa dawa mbili, ziitwazo solanini na chakonini. Wataalamu huziweka pamoja katika kundi la glaikoalkaloidi.

Mdudu anapotafuna jani, dawa hizi humfanyia mambo mawili. Kwanza, huharibu ngozi nyembamba zinazozunguka chembechembe za mwili wake. Pili, huvuruga mishipa yake ya fahamu. Kazi hii ya pili inafanana na kazi ya baadhi ya dawa za kunyunyizia tunazonunua madukani. Ndiyo sababu wadudu wengi sana wanaokula mimea mingine hulionja jani la kiazi wakaliacha. Wewe huwaoni, kwa hiyo huwahesabu, lakini wamefukuzwa.

Dawa hii haikugawanywa sawasawa katika mmea. Nyama ya kiazi kizuri huwa na miligramu 12 hivi mpaka 50 katika kila kilo, na kiasi hicho hakimdhuru mtu. Ganda lina zaidi. Majani yana kama miligramu 400 mpaka 1,000 katika kilo. Machipukizi, yaani yale macho yaliyoota, yana miligramu 2,000 mpaka 4,000. Maua nayo, pamoja na yale matunda madogo ya kijani yanayofanana na nyanya changa, yana dawa nyingi sana. Ukitazama vizuri utaona mmea umetumia akili: umeweka ulinzi mkali pale palipo laini na penye kutamaniwa na wadudu.

SILAHA NYINGINE ZA MMEA

Uchungu ni kama mlinzi aliyesimama langoni mchana na usiku. Lakini kiazi kina walinzi wengine wanaoitwa pale tu vita vinapoanza.

Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington huko Marekani, Green na Ryan, walitoa habari iliyowashangaza wengi. Waliwaacha mbawakawa watafune majani ya viazi na ya nyanya. Kisha wakapima majani na kuona ya kuwa yamejaa protini ya namna ya pekee. Tena haikuwa katika jani lililotafunwa peke yake, bali hata katika majani mengine ya mmea huo ambayo hayakuguswa. Protini hiyo hufunga zile dawa za tumboni ambazo mdudu huzitumia kusaga chakula. Mdudu hula, lakini chakula hakimfai. Anadumaa na kukua polepole. Kwa maneno mengine, jani lililojeruhiwa hupiga mbiu, na majani mengine husikia na kujitayarisha.

Silaha nyingine ni harufu. Jani likitafunwa hutoa harufu mbalimbali hewani. Wataalamu wameona ya kuwa wadudu wawindaji, wale wanaokula wadudu wenzao, huifuata harufu ya majani ya viazi yaliyotafunwa mpaka wakalipata windo lao. Kwa hiyo shamba lako lina askari wengi ambao hukuwaajiri.

Tena kuna kiazi cha mwituni huko Bolivia ambacho majani yake yana vinyweleo vyenye gundi. Kidukari akitua juu yake hunaswa miguu akafa. Viazi vya mashambani mwetu havina silaha hii kwa nguvu kama hiyo.

ADUI ALIYEIZOEA DAWA

Huenda ukauliza: "Ikiwa kiazi kina silaha zote hizi, mbona majani yangu yana matundu?"

Jibu ni hili. Dawa huwafukuza wadudu wengi, lakini wako wachache ambao wameishi na ukoo huu wa mimea kwa vizazi vingi sana mpaka wakauzoea uchungu wake. Kwao jani la kiazi ni chakula kama vile ugali kwetu.

Mfano unaojulikana ulimwenguni kote ni mbawakawa wa Colorado, mwenye mistari mieusi mgongoni. Hapo kale aliishi Amerika akila magugu ya ukoo wa kiazi. Watu walipopeleka mashamba ya viazi mpaka kwao, alihamia humo, na kuanzia mwaka 1859 akaanza kuyamaliza. Solanini haimsumbui. Wakulima walimpiga kwa dawa za madukani, dawa moja baada ya nyingine, naye akazizoea nyingi, DDT ikiwa mojawapo ya zile za kwanza. Mdudu huyu si wa Kenya, na tuombe asije. Lakini somo lake ni letu pia: mdudu aliyejifunza kuishinda sumu ya mmea hujifunza upesi kuishinda sumu ya chupa.

Sisi tunao wetu. Wa kwanza ni nondo wa viazi. Ni kipepeo mdogo wa rangi ya kijivu anayeruka jioni. Kiwavi wake huingia ndani ya jani na kula katikati, akiacha madoa makavu. Kisha hushuka mpaka kwenye kiazi chenyewe, akatoboa kupitia machoni. Ukifungua kiazi ghalani ukaona njia nyembamba zenye uchafu mweusi, huyo ndiye. Hupenda jua na ukame. Wa pili ni jamaa yake, yule kiwavi mharibifu wa nyanya aitwaye Tuta absoluta, ambaye alionekana nchini Kenya mwaka 2014 na ambaye hula pia majani ya viazi. Wa tatu ni inzi wadogo ambao watoto wao huchimba njia nyeupe zilizopindapinda ndani ya jani. Wa nne ni vidukari. Hawa hawatafuni, bali hufyonza utomvu kwa mdomo kama sindano, na huchukua magonjwa ya virusi kutoka mmea mmoja hadi mwingine, kama ule wa majani kujikunja.

Yuko na mwingine ambaye yapasa umtambue kwa uangalifu. Ni yule mdudu wa mviringo mwenye madoa mgongoni. Wapo wa namna mbili. Mmoja ana mgongo unaong'aa kama uliopakwa mafuta. Huyo hula vidukari, na ni rafiki yako. Wa pili mgongo wake haung'ai, una malaika mafupi kama kitambaa cha mahameli; huyo hula majani. Usiwaue wote kwa kuwa wanafanana.

KWA NINI WATAALAMU HAWAZIDISHI UCHUNGU

Mkulima mwingine atasema: "Basi wataalamu watupe mbegu yenye uchungu mwingi, wadudu wasiiguse kabisa." Shauri hili limekwisha jaribiwa, na mwisho wake ulikuwa mbaya.

Mwaka 1967 huko Marekani ilitolewa mbegu mpya iitwayo Lenape. Mmoja wa wazazi wake alikuwa kiazi cha mwituni cha Amerika ya Kusini. Kiazi hicho kilikuwa kizuri sana kwa kukaanga, na wenye viwanda walikifurahia. Lakini baadaye ilionekana ya kuwa dawa yake chungu imepita kiasi. Kipimo kinachokubaliwa na wataalamu wengi ni miligramu 200 katika kilo moja ya viazi, nacho Lenape kilipita hapo. Mwaka 1970 mbegu hiyo iliondolewa. Tangu wakati huo wataalamu wa mbegu hupima uchungu kwanza kabla ya kumpa mkulima mbegu mpya.

Huko Andes wakulima wana hila yao ya zamani. Viazi vyao vichungu vya milima ya juu huvianika nje usiku vikagandishwa na baridi, kisha huvikanyaga na kuvikausha juani, na vingine huviloweka majini, mpaka uchungu upungue. Ni kazi ya siku nyingi. Sisi hatuna haja ya kufanya hivyo, maana mbegu zetu zina uchungu mdogo katika kiazi. Lakini zitabaki hivyo kwa sharti moja tu: kwamba hatuziweki juani.

HATARI ILIYOPO NYUMBANI

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la makala haya. Kiazi ni shina lililonenepa chini ya ardhi. Kikipata mwanga, hujidhani kimetoka nje na kwamba adui yu karibu. Basi hufanya mambo mawili kwa pamoja: hugeuka kijani kama jani, na huongeza uchungu. Ile rangi ya kijani yenyewe haina madhara. Ni ile ile ya majani yote. Lakini ni kama bendera nyekundu barabarani. Inakuambia ya kuwa mwanga umefika hapo, na huenda uchungu umefika pia. Kiazi kilichokatwa na jembe au kugongwa nacho huongeza uchungu wake.

Mtu akila viazi vyenye dawa hii nyingi huumwa na tumbo, hutapika, huharisha na kuumwa na kichwa. Ikizidi, huchanganyikiwa. Mwaka 1969 huko London wavulana 78 wa shule moja waliugua baada ya chakula cha mchana, na 17 kati yao wakalazwa hospitalini. Viazi walivyokula vilitoka katika gunia lililokuwa limeachwa tangu muhula uliopita. Kwa bahati njema wote walipona.

Fikiri sasa juu ya nyumba zetu. Wakati wa kuvuna, viazi vikubwa na safi hutiwa katika magunia ya soko. Vidogo, vilivyokatwa na vya kijani hubaki nyumbani, kwa sababu mnunuzi amevikataa. Mama hataki kutupa chakula, na hatumlaumu. Huvimenya, huvichanganya na mahindi, maharagwe na majani ya malenge, akaponda mukimo. Mukimo ni wa kijani, kwa hiyo kiazi cha kijani hakionekani tena. Ndivyo uchungu uliokataliwa sokoni unavyofika kwenye sahani ya mtoto, ambaye mwili wake ni mdogo na huzidiwa upesi kuliko mtu mzima.

Wala usidhani ya kuwa moto utaiua dawa hii. Kuchemsha hakuiondoi, ni hodari kushinda maji yanayochemka. Linalosaidia ni kumenya ganda nene, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa katika ganda na chini yake kidogo, na kukata macho yote pamoja na sehemu ya kijani. Kiazi kilichokuwa kijani sana, au kinachouma ulimi kwa uchungu, usimpe mtu. Wala usimpe ng'ombe wa maziwa au nguruwe, pamoja na majani na machipukizi. Wanyama nao hudhurika.

GIZA KWA CHAKULA, MWANGA KWA MBEGU

Kuna jambo moja ambapo kijani hicho ni faida, nalo ni mbegu. Viazi vya mbegu haviliwi, kwa hiyo uchungu wake haumdhuru mtu. Vikiwekwa mahali penye mwanga hafifu usio wa jua kali, huota machipukizi mafupi, manene na yenye nguvu, ambayo hayavunjiki wakati wa kupanda. Vikiwekwa gizani huota machipukizi marefu meupe kama nyuzi. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima, Peru, mwaka 1971, kimewafundisha wakulima wa nchi nyingi kujenga ghala la namna hii: rafu za mbao au fito, paa la kuzuia jua na mvua, na pande zilizo wazi ili hewa na mwanga vipite. Panga viazi safu mbili au tatu, si zaidi.

Basi shika maneno haya: kiazi cha kula kiweke gizani, kiazi cha mbegu kiweke mwangani. Usichanganye ghala hizi mbili, na usichukue viazi vya ghala la mbegu kuvipika hata siku ya njaa. Wanaolima Shangi wakumbuke hasa, maana mbegu hiyo huota upesi sana baada ya kuvunwa na haifai kuwekwa kwa muda mrefu kwa ajili ya chakula.

KAZI YAKO SHAMBANI

Mmea umefanya kazi yake. Hii sasa ni kazi yako.

1. Panda mbegu safi. Mmea uliozaliwa na ugonjwa hauna nguvu ya kutengeneza silaha zake. Nunua mbegu iliyothibitishwa; kituo cha utafiti wa viazi kiko Tigoni, Limuru, na mbegu hukuzwa pia huko Kisima karibu na Timau.

2. Badilisha mimea. Usipande viazi baada ya viazi, wala baada ya nyanya au pilipili, kwa sababu adui wa ukoo huu ni wale wale. Panda mahindi, maharagwe, njegere, kabichi au ngano kwanza. Ng'oa viazi vilivyojiotea.

3. Inulia udongo mara mbili, matuta yawe makubwa, na viazi vifunikwe kwa udongo wa angalau sentimita 5. Ziba nyufa wakati wa ukame. Kwa kazi hii moja unapata faida mbili: nondo hawezi kukifikia kiazi, na jua haliwezi kukigeuza kijani.

4. Tembea shambani kabla ya kushika bomba. Geuza majani utazame chini yake. Mmea mchanga wenye afya ukipoteza sehemu ndogo ya majani huota mengine, na mavuno hayapungui. Wakati wa kuogopa ni wa maua, viazi vinapoanza kunenepa chini.

5. Usinyunyize dawa ya wadudu kwa sababu ya matundu machache. Dawa hiyo huwaua wawindaji walioitwa na mmea, na wale inzi wachimba majani huzidi baada ya maadui wao kufa. Ikiwa wadudu wamezidi kweli, mwulize afisa wa kilimo ni dawa gani, kiasi gani, na siku ngapi kabla ya kuvuna.

6. Usichanganye jambo hili na ugonjwa wa baka jani unaokausha majani wakati wa mvua na ukungu. Huo ni ugonjwa, si mdudu, na uchungu wa jani hauwezi kuuzuia. Dawa yake ni nyingine, nayo yapasa kutumiwa kwa wakati wake.

7. Vuna mapema mara ganda linapokomaa, usiviache viazi wazi shambani usiku kucha, maana ndipo nondo hutaga. Usianike magunia juani kando ya barabara ukingoja lori, yafunike. Ghala la mbegu waweza kulifunika kwa majani makavu ya lantana, ambayo harufu yake humchukiza nondo.

Ndugu mkulima, kiazi ni mgeni aliyetoka mbali, akaja na ngao yake mkononi. Ngao hiyo ni nzuri ikikaa shambani, katika majani. Ikiingia katika chungu cha chakula imekosea njia. Jioni ya leo, kabla viazi havijamenywa, nenda jikoni na taa uvitazame pamoja na mama watoto. Vile vya kijani viwekeni kando, na watoto wale vyeupe.